Mungu Kimbilio Letu: Kukimbia, Kueleza, Kukaa Ndani

Israeli ya kale ilikuwa na miji sita ya makimbilio. Kedeshi, Shekemu na Hebroni ilikuwa magharibi ya Yordani. Bezeri, Ramothi na Golani mashariki yake. Mtu aliyeua bila kukusudia, tuseme shoka limechomoka mpinini wakati wa kukata miti likampiga mwenzake, alikimbilia mmojawapo kabla mlipiza kisasi cha damu hajamkuta. Yoshua 20 na Hesabu 35 zinaeleza utaratibu. Kwanza alikimbia. Akifika, alisimama penye lango akawaeleza wazee wa mji habari yake. Wakimpokea, walimpa mahali pa kukaa, naye alikaa humo mpaka kuhani mkuu wa wakati huo afe. Akivuka mpaka wa mji kabla ya hapo akakutwa nje, hakuna aliyewajibika kwa damu yake. Mgeni asiye Mwisraeli alikuwa na haki hiyohiyo. Na Kumbukumbu la Torati 19 inaagiza njia za kwenda huko zitengenezwe mapema, ili safari isiwe ndefu mno kwa anayekimbia.

Watu wa nchi hiyo ndio waliotuachia Zaburi zinazosema Mungu ni kimbilio. Ndiyo maana inaniuma ninaposikia mtu aliyeachishwa kazi, au anayesubiri majibu ya kipimo cha uvimbe, akiambiwa "mtegemee Mungu tu" kisha anaachwa hapo, hajui afanye nini na mikono yake. Anajaribu kuhisi amani. Amani haiji, basi anadhani imani yake ni haba. Lakini aliyefika Hebroni akitetemeka alikuwa salama sawasawa na aliyefika ametulia. Kilichohitajika ni miguu yake ifike, kinywa chake kieleze, na yeye akae ndani. Hayo matatu yanafanyika hata na mtu mwenye hofu kubwa, na ndiyo nitakayoyaeleza hapa kwa ajili ya yeyote ambaye mkataba wake unaisha na ofisi imekaa kimya, au mvua za vuli zimekataa shambani kwake, au mtoto wake yuko Muscat na simu haipokelewi.

Kufika

Chagua mahali na saa kabla hujahitaji. Nasema mahali halisi: kiti kimoja, pembe moja ya chumba, benchi la nyuma kanisani ambako mlango unafunguliwa mapema. Nyumba ya chumba kimoja yenye watoto wanne haina pembe ya utulivu, hivyo mwenye nyumba hiyo atafute saa badala ya mahali: dakika kumi na tano kabla wengine hawajaamka, au akiwa njiani kwenda kisimani. Mtu anayeanza afanye dakika kumi na tano asubuhi na kumi usiku, asizidishe. Wengi huanza na saa mbili kwa kishindo, siku ya nne wamechoka, ya tano wanaona aibu, ya sita wameacha. Hofu ya muda mrefu inakula nguvu za mwili, na mwili uliochoka hauwezi kubeba ratiba ya mkesha kila usiku.

Simu ibaki chumba kingine, au izimwe. Sababu ni kwamba mtu mwenye wasiwasi akishika simu atafute Zaburi, atakuta kwanza ujumbe wa kundi la WhatsApp, unabii wa sauti wa dakika tisa, na habari mpya za jambo lilelile analoliogopa. Biblia ya karatasi, daftari la kurasa mia moja na kalamu vinatosha.

Na kama umefika ukiwa huna nguvu kabisa, kumbuka kilichompata Eliya. Katika 1 Wafalme 19 anakimbia mbele ya malkia Yezebeli, anaketi chini ya mti wa mretemu jangwani, anaomba afe. Jibu la kwanza la Mungu kwake halikuwa neno la kumtia moyo. Aliachwa alale. Malaika akamgusa, pakawa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akala, akalala tena, akaguswa mara ya pili, akala tena. Mazungumzo yalikuja baadaye, huko Horebu, baada ya mwendo wa siku arobaini mchana na usiku. Mtu ambaye hajala tangu jana ale kwanza. Ambaye hajalala usiku wa tatu alale mchana huo, ibada yake ya siku iwe hiyo.

Kueleza habari langoni

Hapa ndipo wengi tunapokosea zaidi, kwa hiyo nitakaa hapa muda mrefu.

Tumefundishwa kuomba kwa adabu kiasi kwamba tunamweleza Mungu mambo ambayo hata jirani angeona hatujasema kitu: "Bwana, unajua yote, mapenzi yako yatimizwe." Maneno mema, na Yesu mwenyewe aliyasema Gethsemane. Lakini aliyasema baada ya kutaja wazi kwamba anataka kikombe kile kimwepuke. Tukianza na mwisho, moyo unabaki umefungwa na kila kitu kimo ndani. Zaburi 62:8 inaagiza kinyume chake: "Ifunueni mioyo yenu mbele zake, Mungu ndiye kimbilio letu."

Mfano ulio bora kwa kazi hii ni mfalme Hezekia. Mwaka 701 kabla ya Kristo, Senakeribu wa Ashuru aliingia Yuda. Kumbukumbu zake mwenyewe zinajisifu kwamba aliteka miji 46 yenye ngome na kumfungia Hezekia Yerusalemu kama ndege tunduni. Hezekia alikuwa amejaribu kwanza kumlipa: talanta 300 za fedha na 30 za dhahabu, hata akabandua dhahabu ya milango ya hekalu. Jeshi likaja vilevile. Kisha ukaja waraka wa vitisho. Akausoma, akapanda nyumbani kwa Bwana, akaukunjua mbele za Bwana.

Fanya hivyo hasa. Chukua karatasi yenyewe: notisi ya mwenye nyumba, barua ya benki kuhusu mkopo, fomu ya rufaa kutoka hospitali ya wilaya, barua ya shule inayodai ada. Kama haipo karatasi, andika jambo kwenye daftari kwa mistari mitatu. Iweke mezani, ifunue, na uombe ukiitazama. Kuna faida ambayo haionekani mpaka ufanye: hofu isiyoandikwa inakua kila usiku, lakini barua ina maneno yaleyale jana na leo. Utaona kilichoandikwa, na utaona pia kile ambacho akili yako ilikuwa imekiongeza.

Sasa tazama namna alivyoomba, 2 Wafalme 19:15 hadi 19. Mistari mitano tu. Anaanza kwa kumtaja Mungu ni nani: aliyeziumba mbingu na nchi. Anamwomba asikie na aone. Kisha anasema kitu ambacho watu wengi wa imani wangeogopa kukisema: "Ni kweli, Bwana, wafalme wa Ashuru wameyaharibu mataifa." Hakukanusha. Hakusema "nakataa kwa jina la Bwana kwamba kuna jeshi nje." Alikubali ukubwa wa jeshi, akaonyesha kwa nini miungu ya mataifa yale ilishindwa, akaomba jambo moja: utuokoe. Akatoa sababu inayomhusu Mungu mwenyewe, kwamba falme zote zijue.

Nasisitiza hilo la kukiri ukweli kwa sababu fundisho la kwamba kutaja ugonjwa ni kuukubali limewatesa watu wengi. Mama anayeficha uvimbe titini kwa miezi, akiogopa kwamba kuutaja ni kukosa imani, ananyimwa kimbilio na hospitali kwa pamoja. Zaburi hazijui fundisho hilo. Karibu theluthi ya Zaburi zote 150 ni maombolezo, na yanataja mifupa iliyochakaa, kitanda kilicholowa machozi, rafiki aliyesaliti, usingizi uliokataa.

Umbo la maombolezo hayo linajifunza haraka, na Zaburi 13 ndiyo shule nzuri kwa kuwa ina mistari sita tu. Mistari ya 1 na 2 inauliza "hata lini" mara nne. Mistari ya 3 na 4 inaomba: uangalie, uniitikie. Mistari ya 5 na 6 inatamka tumaini, "Nami nimezitumainia fadhili zako", na inaahidi kumwimbia Bwana. Lalamiko, ombi, tumaini, ahadi ya sifa. Chukua umbo hilo ulijaze na mambo yako. Mtu ambaye mkataba wake unaisha anaweza kuandika hivi:

"Ee Bwana, Mungu wangu, hata lini nitasubiri neno la ofisi ile? Hata lini nitaamka saa nane usiku nikipiga hesabu? Mkataba unaisha tarehe 30. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita na sina. Naona aibu mbele ya mke wangu. Naogopa kurudi kijijini mikono mitupu. Uniangalie, uniitikie. Nakuomba kazi kabla ya Julai. Kama si hii, unifungulie nyingine. Nimekwisha kuona fadhili zako siku za nyuma, na hizo ndizo ninazozishika. Utakaponijibu nitasimama jumuiyani niseme."

Angalia kwamba ombi lina tarehe na kitu, na lalamiko lina aibu ndani yake. Aibu ndiyo huachwa nje mara nyingi, nayo ndiyo nzito. Angalia pia kwamba sehemu ya tumaini haidai kujua matokeo.

Kosa la kawaida ni kuruka kutoka mstari wa kwanza hadi wa tano kwa sababu lalamiko linaonekana ni utovu wa shukrani. Matokeo yake ni sifa zinazotoka mdomoni huku moyo umenuna, na baada ya wiki chache mtu anaanza kumkwepa Mungu bila kujua kwa nini. Kosa la pili ni kubaki kwenye mstari wa kwanza na wa pili siku zote. Zaburi 77 inasaidia hapo. Mistari kumi ya mwanzo mtunzi wake, Asafu, analalamika mpaka anauliza kama Mungu amesahau fadhili zake. Mstari wa 11 anageuka: atayakumbuka matendo ya Bwana. Mazingira yake hayajabadilika. Alichobadilisha ni kitu anachokikumbuka. Kwa hiyo nyuma ya daftari weka ukurasa wa mambo ambayo Mungu alikwisha kukutendea, kila moja na mwaka wake, uandike wakati bado una utulivu. Usiku mgumu hautakumbuka chochote usipokuwa na ukurasa huo.

Na zipo siku ambazo hata kugeuka hakuwezekani. Zaburi 88 imewekwa katika Maandiko kwa ajili ya siku hizo. Inaanza na "Mungu wa wokovu wangu" na inaishia gizani, bila mstari wa faraja mwishoni. Waliokusanya Zaburi hawakuirekebisha. Kuisoma kwa sauti, kisha kufunga Biblia na kwenda kulala, ni sala iliyokamilika.

Zaburi ipi, lini

Usifungue Biblia kwa kubahatisha ukisubiri kidole kiangukie neno. Kuna utaratibu wa zamani wa kanuni ya sala ya Kianglikana unaogawa Zaburi zote kwa siku thelathini, asubuhi na jioni. Wenye muda mdogo wanaweza kufuata njia rahisi ya tarehe: leo ikiwa tarehe 7, zako ni 7, 37, 67, 97 na 127. Unaongeza thelathini kila mara. Soma hizo tano kwa haraka, chagua moja inayosema hali yako, uisome mara ya pili polepole kwa sauti. Tarehe 29 utakutana na Zaburi 119 yenye mistari 176. Soma beti mbili tu za mistari minane minane, nyingine ziache kwa tarehe 31.

Faida ya kufuata tarehe ni kwamba siku nyingine utasoma lalamiko ukiwa na furaha, na siku nyingine sifa ukiwa na majonzi. Siku ya lalamiko ombea wenye hali hiyo. Siku ya sifa waache wengine wakuimbie.

Lakini dhiki ikibana, nenda moja kwa moja. Usingizi ukikataa: 4, 63, 77. Ugonjwa: 6, 38, 41, 102. Rafiki au ndugu amekugeuka: 55. Kesi mahakamani au kusingiziwa: 7, 26, 35. Dhamiri inakusuta: 32, 51, 130. Aliye safarini au aliye mbali: 121. Msiba: 90, 116. Ukame na shamba lililokufa: 65, 126. Nchi ikitikisika kwa vita au uchaguzi: 46. Ukitumia baadhi ya vitabu vya zamani vya sala vya Kikatoliki, namba zinaweza kupungua moja, 46 ikawa 45 na 91 ikawa 90. Ni hesabu ya tafsiri ya Kigiriki na Kilatini, Zaburi ni ileile.

Mstari mmoja wa kubeba mchana uwe mfupi unaoingia katika pumzi moja. "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe", Zaburi 56:3, unafaa kwenye foleni ya hospitali na ndani ya daladala. Wa usiku ni Zaburi 31:5, "Mikononi mwako naiweka roho yangu", ambao Yesu aliusema msalabani.

Kukaa ndani

Mkimbizi wa Hebroni hakukaa miezi yote akitazama lango. Alikuwa na maisha mjini humo. Kungoja nako kuna kazi zake, na kitabu kinachozitaja vizuri ni Yeremia 29. Mstari wa 11, ule wa mawazo ya amani wala si ya mabaya, umetundikwa kwenye kuta na kubandikwa kwenye mabasi. Ni ahadi ya kweli. Ila ni sehemu ya barua kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli, na mstari wa 10 unawaambia itachukua miaka 70. Mistari ya 5 hadi 7 inawapa kazi za kufanya humo katikati: jengeni nyumba, pandeni bustani mle matunda yake, oeni, uombeeni mji amani. Anayenukuu wa 11 peke yake humwandaa mtu kwa wiki mbili, kumbe huenda ni miaka.

Kwa hiyo katika daftari chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika yaliyo mikononi mwako leo. Kulia yasiyo yako kabisa. Barua za maombi ya kazi, kumpigia mwenye nyumba kabla hajakupigia, kupanda mtama badala ya mahindi kama mvua imechelewa: kushoto. Uamuzi wa mwajiri, matokeo ya maabara, moyo wa mtu mwingine: kulia. Ya kulia yaombee, kisha usiyarudie mpaka saa ya sala ijayo. Ya kushoto chagua mawili, uyafanye kabla ya saa sita mchana. "Basi msisumbukie ya kesho" ni agizo linalotekelezeka ukiwa na la leo mkononi.

Hezekia tena: yule aliyeukunjua waraka ndiye aliyeziba chemchemi nje ya mji ili Waashuri wasipate maji, akajenga ukuta uliobomoka, na kuyaleta maji ya Gihoni ndani ya mji. Mfereji wake wa chini kwa chini upo Yerusalemu hadi leo, urefu wa zaidi ya mita 500 kwenye mwamba, na maandishi yaliyopatikana ukutani mwake mwaka 1880 yanasimulia namna makundi mawili yalivyochimba kutoka ncha mbili hadi yakakutana. Wapo wafafanuzi wanaoihusisha Zaburi 46 na siku hizo. Martin Luther, mwanamageuzi wa kanisa wa Ujerumani, ambaye wimbo wake maarufu umetoka katika Zaburi hiyo, alibaki Wittenberg tauni ilipoingia mwaka 1527 akiwahudumia wagonjwa, na katika barua yake kuhusu kuikimbia tauni alishauri watu watumie dawa, wafukize nyumba, na waepuke mahali wasipohitajika. Aliona kudharau dawa ni kumjaribu Mungu.

Hilo linanileta kwenye Zaburi 91. Ni nzuri mno, na inatumika vibaya kuliko zote: inaandikwa kwenye karatasi na kushonwa ndani ya mto, inasomwa mara saba juu ya maji, inatumwa kwenye simu na onyo la kuwapelekea watu kumi. Kumbuka nani aliyeinukuu katika Mathayo 4. Ibilisi alimweka Yesu juu ya kinara cha hekalu akamwambia ajitupe, kwa kuwa imeandikwa malaika watamchukua. Yesu akajibu, "Usimjaribu Bwana Mungu wako." Ahadi za Zaburi hiyo ni za mtu anayekaa kwa Mungu, na mstari wa 15 unasema Mungu atakuwa pamoja naye taabuni. Taabu imo. Aliyeacha vidonge vyake vya presha au dawa za ARV kwa sababu amesoma Zaburi 91 amefanya kile Yesu alichokikataa.

Ndivyo ilivyo pia kwa kufunga. Mwenye kisukari, mjamzito, mwenye vidonda vya tumbo, anayetumia dawa za kifua kikuu, asifunge chakula bila kuzungumza na daktari wake. Anaweza kufunga runinga, nyama, au maneno mengi, na Mungu anapokea.

Jihadhari na wauzaji. Mtu mwenye hofu ana pesa kidogo na yuko tayari kutoa zote, na wapo wanaolijua hilo: mafuta ya elfu hamsini, maji, "mbegu" ya kufungua kazi. Simoni wa Samaria alitaka kununua kipawa cha Mungu kwa fedha, Petro akamjibu, "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe." Ukiombwa malipo ili uombewe, ondoka.

Usimwekee Mungu siku ya mwisho. Kitabu cha Yudithi, ambacho Wakatoliki wanacho katika Biblia yao, kinasimulia wazee wa mji wa Bethulia waliozingirwa na kukaukiwa na visima. Wakampa Mungu siku tano, la sivyo wafungue malango. Mjane Yudithi aliwakemea: ninyi ni nani hata mmjaribu Mungu? Kuomba jambo litokee kabla ya Julai ni sawa. Kusema lisipotokea Julai basi Mungu hayupo ni jambo jingine. Vijana watatu katika Danieli 3 walikuwa na maneno ya kuziba pengo hilo: Mungu wetu aweza kutuokoa; bali kama si hivyo, hatutaabudu sanamu. Andika "kama si hivyo" chini ya ombi lako na ujaze kwa uaminifu utakachofanya. Ni zoezi gumu. Lifanye mchana, mwili ukiwa na nguvu, usilifanye usiku.

Wasikilizaji langoni

Mkimbizi alisikilizwa na wazee, si na mji mzima. Chagua watu wawili. Waambie jambo lenyewe na tarehe yake: "Majibu yanatoka Alhamisi saa nne, niombeeni." Ombi la "mniombee nina changamoto" halina pa kushikwa. Mmoja kati yao awe mtu anayeweza kukwambia umekosea. Ukishakuwa na hao wawili, jumuiya ndogondogo au kikundi cha maombi kinaweza kupewa sehemu tu ya habari, hasa kama jambo linahusu heshima ya mtu mwingine. Ombi hugeuka umbea kwa urahisi, hata bila nia mbaya.

Daudi alipokuwa pangoni Adulamu, hakuwa peke yake kwa muda mrefu. 1 Samweli 22 inasema walimkusanyikia wenye dhiki, wenye deni na wenye uchungu moyoni, kama mia nne. Zaburi 57, yenye "katika uvuli wa mbawa zako nitakimbilia", kichwa chake kinaiweka pangoni. Mwenye dhiki akimsaidia mwenye dhiki mwenzake kwa jambo dogo, kumpeleka kliniki, kumshikia mtoto, hofu yake mwenyewe inapata mahali pa kupumua.

Kwa wewe unayesikiliza: rafiki watatu wa Ayubu walifanya vyema kwa siku saba, walipoketi naye chini bila kusema neno. Waliharibu walipoanza kueleza sababu. Kaa, leta unga, lipia nauli, soma Zaburi moja, uende. Ukiona hajalala vizuri kwa wiki mbili, hali chakula, anaacha kuoga, au anasema heri angekufa, usimwache peke yake na umfikishe hospitali siku hiyo. Eliya naye aliomba afe, na Mungu alimtuma malaika wa kumgusa na kumlisha.

Jibu likitoka, ifungue karatasi yake mbele za Bwana kama ulivyofungua ile ya kwanza, kabla hujampigia yeyote. Likiwa baya, rudi Zaburi 13 mstari wa kwanza. Unaruhusiwa kuanza upya. Likiwa jema, Zaburi 116 inataka nadhiri zitimizwe mbele ya watu, kwa hiyo simama jumuiyani wiki hiyo kabla shughuli hazijakusahaulisha, useme kilichotokea bila kukiongezea. Vyovyote vile, wapigie wale wawili siku hiyohiyo, kwa sababu wao bado wanaomba.